Kozi ya jioni ya Kiingereza cha hali ya hewa mjini Moshi: mwalimu wa kumfuata, kijitabu cha kuacha

Msimu uliopita, tukiwa kambi ya Shira mlimani Kilimanjaro, mgeni wangu mmoja aliyatazama mawingu yaliyokuwa yakipanda kutoka upande wa Machame, kisha akaniuliza kwa upole: "Will there be showers this afternoon?" Nilimjibu bila kusita kwamba kambini hakuna bafu, lakini mpishi angemchemshia maji ya beseni kama kawaida. Alicheka hadi akaketi juu ya jiwe, nami nikacheka pamoja naye bila kujua tunachekea nini. Usiku ndipo mpishi wetu, ambaye aliwahi kufanya kazi hotelini, aliponieleza kwamba neno lile lina maana mbili na kwamba mgeni alikuwa akiulizia manyunyu. Nimepanda mlima huu kwa miaka tisa, kwanza nikiwa mpagazi na sasa kiongozi msaidizi, na niliona kwamba mtu anayelipwa ili awaambie wengine mvua itakuja lini hawezi kuendelea kulijua jambo hilo kwa lugha moja tu. Aprili, masika yalipopunguza safari, nikajiandikisha katika kozi ya jioni.

Sitakitaja kituo kwa jina, kwa sababu baadhi ya niliyonayo si ya kusifu. Itoshe kusema kwamba kipo ghorofa ya juu ya jengo lisilo mbali na mnara wa saa, kwamba kozi ni ya wiki sita, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 na nusu usiku, na kwamba nililipa shilingi 150,000 pamoja na kijitabu. Kozi yenyewe hugusa mambo mengi ya kazi yetu, kama vile vyakula, vifaa, afya na malipo, lakini wiki mbili nzima hutolewa kwa maneno ya hali ya hewa, na hizo ndizo ninazotaka kuzipima hapa, kwa kuwa ndizo zilizonipeleka.

Tulifundishwa na mama mmoja mstaafu wa shule ya sekondari, ambaye alituita sote "wanangu", hata wale wawili waliokuwa na mvi kumzidi yeye. Somo lake la kwanza halikuanza na Kiingereza. Aliandika ubaoni neno moja tu, "kumekucha", akatuuliza ni nani aliyekucha. Tukatazamana. Mmoja akasema ni usiku, mwingine akasema ni jua, wa tatu akasema ni dunia. Mwalimu akatuacha tubishane kwa dakika tano hivi, ndipo akasema kwamba hakuna aliyekucha. Kile kiambishi "ku-" kimekaa mahali pa mtenda ili kitenzi kisisimame uchi, na kwamba Mwingereza naye ana kijiti chake cha kuziba pengo hilo, nacho ni "it". Anaposema "it is raining", ile "it" si mvua, si wingu, wala si Mungu. Haimtaji yeyote. Imewekwa hapo kwa sababu sentensi ya Kiingereza haikubali kuanza bila kiima, hata pale ambapo hakuna wa kufanya kazi ya kiima.

Huenda jambo hili likaonekana dogo kwa aliyesoma shule za Kiingereza tangu utotoni. Kwangu mimi lilifungua mlango, maana kosa langu la miaka yote lilikuwa kusema "the rain is raining", nikiifuata "mvua inanyesha" neno kwa neno. Sisi tunahitaji nomino na kitenzi kinachoifaa, na kila nomino ina chake: mvua hunyesha, upepo huvuma, jua huwaka, ukungu hutanda, radi hupiga, umande huanguka. Hatuwezi kuvibadilishana, anayesema ukungu unanyesha atasahihishwa na mtoto. (Mwalimu alidokeza pia kwamba "kunyesha" limezaliwa na kitenzi kifupi ambacho zamani kilitumika kwa mvua bila haya na leo hatukitamki mbele ya wakwe, na darasa lilichukua muda kutulia.) Kiingereza, kwa baadhi ya maneno haya, hakitafuti kitenzi cha pembeni. Huichukua nomino yenyewe, bila kuiongezea wala kuipunguzia herufi, na kuifanya kitenzi. "Rain" ni mvua na pia ni kunyesha. "Snow" ni theluji na pia ni kuanguka kwa theluji. "Hail" ni mvua ya mawe na pia ni kunyesha kwa mawe hayo. "Drizzle" ni rasharasha na pia ni kunyesha kwa rasharasha, na "thunder" ni ngurumo na pia ni kunguruma.

Tatizo la mwanafunzi ni kujua lini neno lipo kazini kama nomino na lini kama kitenzi, kwa sababu umbo halimsaidii. Hata herufi "s" ya mwisho haimsaidii, kwani "rains" laweza kuwa kitenzi, kama mtu anaposema kwamba Aprili mvua hunyesha sana Moshi, na laweza kuwa nomino ya wingi, kama wageni na makampuni ya safari wanavyoyaita masika "the long rains" na vuli "the short rains". Hapa mwalimu alitupa kipimo ambacho ninakitumia hadi leo. Tazama neno lililo jirani. Likitanguliwa na "the" au na sifa kama "heavy", ni nomino. Likitanguliwa na "it" au "will", ni kitenzi. Kisha angalia sifa yenyewe inavyovaa: nomino hupewa "heavy", kitenzi hupewa "heavily". Ndiyo maana "heavy rain" na "it rained heavily" ni mvua ileile moja, ila katika sentensi ya kwanza imekaa kama kitu na katika ya pili imekuwa tendo. Tulizoea kusema "big rain" na "strong rain" kwa sababu sisi tuna mvua kubwa, na tulipoambiwa kwamba kwa Mwingereza mvua ni nzito, upepo ni wenye nguvu na ukungu ni mnene, mzee mmoja aliyekaa nyuma alisema, kwa haki kabisa, kwamba aliyeibeba mvua ya msitu wa Machame mgongoni ataafikiana na Mwingereza.

Nilipenda zaidi alivyotumia Kiswahili kututenganishia "it rains" na "it is raining", jambo ambalo walimu wangu wa zamani walilieleza kwa majina marefu ya nyakati ambayo sikuyakumbuka hata siku ya mtihani. Aliandika "hunyesha" upande mmoja na "inanyesha" upande wa pili. Mgeni anayepanga safari na kuuliza "Does it rain in November?" anataka jibu la "hu-", yaani desturi ya mwezi huo. Mgeni aliye ndani ya hema na kuuliza "Is it raining?" anataka jibu la "-na-", yaani avae koti la mvua au asivae. Basi, somo likaisha hapo, na sidhani kama kuna aliyelisahau.

Sehemu iliyotutoa jasho ni ya maneno yanayokataa kugeuka. Mtu akishajua kwamba "rain" na "snow" huwa vitenzi, hudhani amepata ufunguo wa nyumba nzima, naye huanza kusema "it is sunning" na "it is winding". Milango hiyo haifunguki. "Sun" kama kitenzi lipo, lakini maana yake ni kuota jua, kama mjusi juu ya mwamba, na hutumika kwa anayeota, si kwa jua lenyewe. Jua la Mwingereza hufanya "shine", au siku hupewa kivumishi "sunny". Upepo hufanya "blow", au siku huwa "windy". Ukungu hukaa kama nomino au huwa "foggy", na likigeuka kitenzi huhusu miwani au kioo cha gari kilichoingia mvuke. Wingu hali kadhalika: siku ni "cloudy", na anga linapofunga husemwa "cloud over". Radi ndiyo iliyotushangaza, maana "thunder" hugeuka kitenzi bila shida ilhali mwenzake "lightning" hubaki nomino na kuazima vitenzi "strike" na "flash". Mwalimu hakutafuta kanuni ya kuyapatanisha haya yote. Alisema ni ya kukariri, kama sisi tunavyokariri kwamba radi hupiga na jua huchwa, na nilimheshimu kwa kutotubuni kanuni ya uongo.

Kijana mmoja wa darasa letu, ambaye wenzake humwita Mangi kwa utani, alikiri kwamba aliwahi kumwandikia mgeni kwa simu: "Tomorrow will be very winding." Alikusudia kumwonya kuhusu upepo. Mgeni alielewa kwamba njia ina kona nyingi, kwa sababu "wind" likisomwa kwa sauti nyingine ni kitenzi tofauti kabisa chenye maana ya kupinda na kuzunguka, na hivyo alikuja bila kofia ya kuzuia upepo. Mangi alimpa ya kwake, akapanda kilima masikio yakiwa wazi.

Palikuwa pia na jioni moja, katikati ya wiki ya pili, ambayo peke yake ilirudisha nusu ya ada yangu. Mwanafunzi alitaka kusema kwamba walinyeshewa njia nzima, akasema "we were rained". Mwalimu alifurahi kana kwamba amepewa zawadi. Alituonyesha kwamba Kiswahili kina kauli ya kutendewa ambayo humweka aliyelowa mbele ya sentensi kwa neno moja tu, tulinyeshewa, na kwamba kitenzi cha Kiingereza hakiwezi kufanya hivyo bila kuongezewa kijineno: "we got rained on", au mtu akubali kurudi kwenye "it" na kusema "it rained on us". Theluji ina kituko chake, kwani "snowed in" ni kuzuiwa ndani na theluji isiyopitika. Jioni hiyo mvua ya kweli ilikuwa ikipiga bati juu yetu kwa kishindo, hata mifano mingine miwili ilibidi aiandike ubaoni bila kuisema.

Somo la baridi lilikuwa la maisha na kifo, na ninalisema bila kutia chumvi. Kwa Kiswahili, baridi ni nomino: kuna baridi, nasikia baridi, baridi inauma. Kwa Kiingereza neno "cold" ni kivumishi katika "I am cold", yaani nasikia baridi. Ni nomino katika "the cold", yaani baridi yenyewe. Na ni nomino inayohesabika katika "I have a cold", yaani nina mafua. Tofauti ya sentensi ya kwanza na ya tatu ni kitenzi na herufi moja. Anayesikia baridi anahitaji koti na chai ya tangawizi, lakini mwenye mafua anayetarajia kulala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, anahitaji kufuatiliwa pumzi na kikohozi chake kuanzia saa hiyo. Vilevile "winded", lililotoka katika upepo, halihusu upepo wa nje hata kidogo. Ni mtu aliyekatika pumzi. Na "under the weather", ambalo niliwahi kulisikia kambi ya Barranco nikadhani mgeni anastaajabia mawingu yaliyokuwa yametanda chini yetu, maana yake ni kwamba hajisikii vizuri. Nilimwonyesha mawingu na nikamsifia mandhari. Alirudi hemani kimya. Kiongozi mkuu wetu ndiye aliyemuuliza kuhusu kichwa na usingizi, na bahati njema haikuwa zaidi ya tumbo.

Katika somo hilohilo mwalimu alitusimulia habari ya mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani aliyeukaribia mlima huu tarehe 11 Mei 1848 na kuona kitu cheupe kileleni. Rebmann aliandika kwamba alimuuliza kiongozi wake kama ni wingu, naye akajibu kwamba wingu liko kule, na kuhusu ule weupe hajui ni nini ila anadhani ni baridi. Huko Uingereza wapo wataalamu wa jiografia waliokataa kuamini kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Nimeifikiria mara nyingi habari hiyo tangu niisikie. Yule kiongozi hakuwa na nomino ya kitu chenyewe, akatoa nomino ya kile ambacho kitu hicho humfanyia mtu, na wala hakukosea. Hata leo maneno tunayoyatumia kwa weupe ule ni ya kuazima, theluji kutoka Kiarabu na barafu kutoka Kiajemi, na hakuna hata moja lililozaa kitenzi kwetu. Theluji yetu huanguka tu, kama embe.

Sasa nije kwenye kijitabu, ambacho ndicho kilichonifanya nisitoe sifa kamili. Kina kurasa arobaini zilizotolewa nakala kwa mashine iliyoishiwa wino, na ni dhahiri kwamba hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Moshi. Sura ya hali ya hewa ina mwanamume mwenye mwavuli akisubiri basi, ina watoto wanaojenga mtu wa theluji, na ina zoezi zima la nahau ya mvua inayonyesha paka na mbwa, yaani mvua kubwa sana, ambayo kwa miaka tisa sijaisikia kutoka kwa mgeni hata mmoja. Haina ukungu wa msituni, haina upepo wa usiku wa kwenda kileleni, haina jua la tambarare linalobabua pua za watu saa 4 asubuhi. Vipimo vyote ni vya Selsiasi, ilhali wageni wetu wengi ni Wamarekani, na mtu akikwambia kwamba usiku itakuwa "in the twenties" anazungumzia Farenhaiti, ambako maji huganda kwenye 32. Aliyekariri kijitabu atadhani ni ubaridi wa Moshi mwezi wa Julai na kumwacha mgeni abebe glavu nyembamba.

Kosa baya zaidi la kijitabu ni kwamba hupanga maneno katika safu mbili, nomino kushoto na vitenzi kulia, na katika safu ya kulia kimeweka "to wind" mbele ya "wind" bila onyo lolote. Mangi alinionyesha ukurasa huo akicheka. Pia kinafundisha "a bad weather", kosa ambalo tunalo tayari bila msaada wa kitabu, kwa kuwa "weather" haihesabiki na haipokei "a", kama ilivyo "rain", "snow" na "fog" katika matumizi ya kawaida. Zinazohesabika ni "cloud", "storm" na ile "shower" yangu. Nilipomwonyesha mwalimu, alivua miwani, akasahihisha kwa kalamu nyekundu katika nakala za darasa zima, na kutuomba tusimwambie mkurugenzi. Ninaona mkurugenzi anapaswa kujua.

Mengine ni ya kupitia haraka. Viti ni vya plastiki, mwanga ni wa kutosha, na umeme ulikatika mara tatu. Wiki ambayo mwalimu wetu aliumwa, nafasi yake ilichukuliwa na kijana aliyetusomea kijitabu kwa sauti tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Cheti hutolewa kwa kila aliyemaliza kulipa, jambo linalokipunguzia thamani mbele ya waajiri. Darasa lilianza na watu 14 na kumaliza na tisa, kwa sababu kazi za mlimani zilianza kurudi mwishoni mwa Mei na hakuna aliyeweza kuikataa safari kwa ajili ya sarufi.

Kwa mwongoza wageni au mpagazi anayetaka kupanda daraja, ninaipendekeza, kwa sharti kwamba aulize kabla ya kulipa ni nani atakayefundisha wiki za hali ya hewa. Akiambiwa ni mama mstaafu, alipe. Akiambiwa hawajui bado, angoje kundi lijalo. Aombe kupunguziwa bei ya kijitabu, kwa kuwa mimi nilipouliza niliambiwa inawezekana, ila hakuna aliyewahi kuuliza. Na kama ni msimu wa masika, aketi safu ya mbele upande wa dirisha la barabarani, ambako kuna dari. Nyuma ni bati tupu, na ikinyesha hatasikia hata hilo neno la kunyesha.